Maboksi mazima, bidhaa zimepasuka ndani: nimdai msafirishaji au muuzaji?

DukaLaIgoma ameuliza:

Ndugu wafanyabiashara, salamu. Ninaendesha duka dogo la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya bidhaa zangu ni vyoo vya kukaa, masinki ya kunawia mikono na vigae, ambavyo ninanunua kwa mwagizaji wa jumla Dar es Salaam. Yeye anaufikisha mzigo kwenye ghala la kampuni ya malori, kampuni inaupakia pamoja na mizigo ya watu wengine, na baada ya siku kadhaa unafika dukani. Nauli ninalipa mimi.

Tatizo ni kwamba maboksi yanafika yakiwa mazima kabisa, mkanda wa gundi haujaguswa, hakuna kona iliyobonyea wala alama ya maji. Kijana wangu anahesabu, anasaini hati ya makabidhiano ambayo tayari imechapwa maneno kwamba mzigo umepokelewa ukiwa kamili na katika hali nzuri, kisha lori linaondoka. Wiki mbili au tatu baadaye fundi wa mteja anafungua boksi kwenye eneo la ujenzi na kukuta tenki la choo lina ufa, au sinki limepasuka pale kwenye tundu la bomba. Mteja anarudisha, na hiyo ni haki yake. Nikimpigia msafirishaji, anajibu kwamba saini yangu ipo. Nikimpigia muuzaji, anajibu kwamba mzigo ulitoka kwake ukiwa salama. Maboksi machache ya namna hiyo yanatosha kumeza faida ya mzigo mzima.

Ninaomba kuelimishwa: je, saini ile inafunga mlango moja kwa moja? Kati ya hawa wawili nimdai yupi? Na duka lenye watu wawili linawezaje kukagua kila boksi wakati dereva anapiga honi nje akitaka kuwahi Musoma?

KaraniWaMizigo amejibu:

Ndugu DukaLaIgoma, nimefanya kazi ya ukarani kwenye ofisi za malori kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kutoka upande wa yule anayekwambia kwamba saini yako ipo.

Saini iliyowekwa kwa mzigo wa maboksi yaliyofungwa inashuhudia mambo mawili tu, yaani idadi na hali ya nje. Sisi wenyewe tunapopokea mzigo kutoka kwa muuzaji hatufungui kitu. Tunaandika kwenye stakabadhi kwamba tumepokea maboksi kadhaa na kwamba yaliyomo hayakukaguliwa, na tunayaandika maneno hayo ili kujikinga. Msafirishaji ambaye hakujua kilichomo wakati anapokea hana hoja ya kusema kwamba wewe ulikijua wakati unapokea, ilhali nawe hukufungua. Hapo usikubali kutishwa. Hata hivyo, stakabadhi hiyo hiyo inakubana upande wa pili, kwa sababu haithibitishi kwamba sinki lilikuwa zima lilipopakiwa Dar es Salaam, na madai mengi niliyoyaona yakikataliwa yalikwama hapo, si kwenye saini. Kwa hiyo mwambie muuzaji akupigie picha au video fupi ya maboksi machache yakiwa wazi kabla hayajafungwa kwa safari, na nyingine ya mzigo ukiwa tayari ndani ya lori. Muuzaji anayekataa jambo dogo kama hilo kwa mteja wa kudumu anakueleza kitu kuhusu mzigo wake.

Dukani kwako, kijana wako asisaini tena yale maneno yaliyochapwa bila kuongeza lolote. Aandike kwa mkono wake, juu ya saini: "Maboksi yamepokelewa yakiwa yamefungwa, yaliyomo hayajakaguliwa, haki ya kudai imehifadhiwa." Sentensi hiyo peke yake haikupi fidia, lakini inaondoa ule ushahidi dhidi yako. Kama kuna dalili yoyote ya nje, basi maneno ya jumla hayafai. Aandike ni boksi lipi, lina nini, na alifungue palepale mbele ya dereva au utingo. Dereva akikataa kuandikiwa, piga picha ya hati na ya lori lenye namba zake, kisha utume ujumbe wa maandishi kwa ofisi iliyotoa stakabadhi saa hiyo hiyo, si kwa dereva, maana dereva kesho yuko Tarime na simu haipatikani.

Kuhusu kukagua kila boksi, hilo halihitajiki lori likiwa bado mlangoni. Chagua yale yaliyokaa sehemu mbaya. Nyuma kabisa ya lori, baada ya ekseli ya mwisho, ndipo kunakorushwa zaidi kwenye matuta na barabara mbovu, na safu ya chini ndiyo inayobeba uzito wa vyote. Kabla mzigo haujaguswa, piga picha ya jinsi ulivyopangwa. Kama juu ya vyoo vyako kuna mifuko ya saruji au mabando ya nondo ya mtu mwingine, picha hiyo itafanya kazi kuliko barua kumi.

MkadiriajiHasara amejibu:

Ninakubaliana na Ndugu Karani, ila ninaongeza kwamba bidhaa yenyewe mara nyingi inaonyesha ilivunjikia wapi, endapo hutaivuruga. Kazi yangu ni kukagua mizigo iliyoharibika kwa niaba ya kampuni za bima, na kinachonikwamisha mara nyingi zaidi ni mwenye mali aliyekwisha kutupa boksi.

Ukifungua boksi na kukuta sinki limevunjika, usitoe kitu kwanza. Tafuta vipande. Kama vipande vyote vimo na vinarudi mahali pake, na chini ya boksi kuna vumbi la udongo uliosagika, basi chombo kilivunjikia ndani ya boksi hilo, yaani baada ya kufungwa. Kama kuna pengo la ukubwa wa kiganja na kipande chake hakionekani popote ndani, chombo kilifungwa kikiwa tayari kimemeguka, na hapo msafirishaji anaachiliwa na muuzaji anaulizwa. Halafu angalia ufa wenyewe kwa karibu, ikiwezekana kwa tochi. Ufa wa safarini una kingo kali, na ndani yake udongo ni mkavu. Ukiona kingo zimelainika na lile tabaka la kung'aa limeingia ndani ya ufa, ujue ulitokea tanurini kiwandani kabla ya rangi kuganda, na hakuna lori linaloweza kulaumiwa kwa hilo. Kwa ufa mwembamba usioonekana, paka wino uliochanganywa na maji, acha kidogo, kisha ufute. Wino utabaki kwenye mstari wa ufa.

Tazama pia namna kilivyofungwa. Tenki la choo lililowekwa ndani ya boksi la tabaka moja bila chochote kinacholizuia kugonga ukuta wa boksi litafika limepasuka hata likisafirishwa kwa uangalifu, na boksi kwa nje litabaki zima kwa sababu pigo limetoka ndani. Ni hali ninayokutana nayo mara nyingi sana kwenye vyombo vya udongo. Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa bima, kwa kuwa hata bima pana zaidi ya mizigo huwa haifidii hasara iliyosababishwa na ufungaji usiotosheleza, na mkaguzi kama mimi atatumwa kuangalia hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Kwa kuwa nimegusa bima, niondoe dhana moja. Wengi hudhani kwamba kwa vile lori lina bima, mzigo wao umekatiwa bima. Bima ya lazima ya gari inahusu madhara kwa watu wengine. Haigusi shehena iliyopakiwa juu yake. Mzigo unahitaji bima yake ya safarini, ama ile aliyokata msafirishaji kwa ajili ya dhima yake, ambayo unapaswa kuiona kwa macho yako, au ile unayokata mwenyewe. Ukiwa na bima, toa taarifa mara moja, acha maboksi na vipande mahali pamoja hadi mkaguzi afike au akuruhusu kwa maandishi kuviondoa, na bado mwandikie msafirishaji barua ya madai kwa jina lako. Kampuni ya bima ikishakulipa inarithi haki yako ya kumdai msafirishaji, na ikikuta uliipoteza haki hiyo kwa kukaa kimya, ina sababu ya kupunguza au kukataa malipo.

MwagizajiKilindini amejibu:

Kwa wale wanaoagiza wenyewe kutoka nje, kama mimi ninavyoleta vifaa vya bafuni kutoka Foshan kupitia Mombasa, mambo hubadilika kidogo kwa sababu kuna muda uliowekwa na mikataba ya kimataifa, na muda huo ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani.

Kanuni za Hague za mwaka 1924 zinataka taarifa ya maandishi kwa msafirishaji wa baharini ndani ya siku 3 tangu kukabidhiwa mzigo, iwapo uharibifu hauonekani kwa nje. Kanuni za Hamburg za mwaka 1978, ambazo Kenya, Tanzania na Uganda zimejiunga nazo, zinatoa siku 15 mfululizo. Unaweza kufikiri kwamba basi una siku 15, lakini hati nyingi za shehena, yaani zile ambazo msafirishaji wa baharini hutoa kwa mzigo aliopokea, zimeandikwa nyuma yake kwamba zinafuata Hague au marekebisho yake, na mabishano juu ya kanuni ipi inatumika si ya mfanyabiashara mdogo. Andika ndani ya siku 3 na ubishi huo hautakuhusu. Ukichelewa, madai hayafi papo hapo. Kinachotokea ni kwamba mzigo unachukuliwa kuwa ulifika salama hadi wewe uthibitishe vinginevyo. Kinachoua madai ni kuchelewa kufungua shauri, ambako Hague inatoa mwaka 1 na Hamburg miaka 2. Mzigo wa ndege ni mkali zaidi: chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, usipolalamika kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea, huna shauri tena dhidi ya shirika la ndege, isipokuwa kama limefanya udanganyifu.

Kuna jambo jingine ambalo mawakala wa forodha hawalisemi mpaka uulize. Fidia ya msafirishaji wa baharini ina kikomo kinachohesabiwa kwa kila kifurushi au kwa kilo, na vifurushi ni vile vilivyoorodheshwa kwenye hati ya shehena. Ikiandikwa "kontena moja la vifaa vya bafuni" bila idadi ya maboksi, kontena zima linaweza kuhesabiwa kama kifurushi kimoja. Kwa hiyo hakikisha idadi ya maboksi imeandikwa kabla hati haijatolewa, kwa kuwa kuibadilisha baadaye ni usumbufu na gharama.

Ukinunua kwa masharti ya CIF, yaani bei yenye bidhaa, bima na nauli ya meli, muuzaji wa China ndiye anayekata bima, na masharti hayo yanamlazimisha kukata ile ya chini tu, yaani Vifungu C. Hivyo vinahusu moto, meli kuzama au kukwama, lori kupinduka na majanga ya namna hiyo. Sinki lililopasuka kwa kutupwa na makuli halimo. Omba Vifungu A, yaani bima ile pana zaidi, kwa maandishi na ukubali kulipia tofauti, au nunua kwa FOB, ambako muuzaji anaishia kupakia mzigo melini, na ukate bima mwenyewe. Hapa Kenya tangu Januari 2017 serikali inasisitiza kwamba bima ya mizigo inayoingia ikatwe kwa kampuni za humu nchini, na mimi nimeona faida yake, kwa sababu mkaguzi yuko Mombasa badala ya kuandikiana barua pepe na mtu wa Guangzhou.

Kontena likifika, linganisha namba ya lakiri na ile iliyo kwenye hati kabla ya kuikata, na upige picha zote mbili. Baada ya kushusha, mtu mmoja aingie ndani, milango ifungwe, aangalie kama kuna mwanga unaopenya kwenye paa au pembeni. Tundu dogo kama punje ya mchele linatosha kulowesha safu nzima ya maboksi. Wanaochangia kontena hawana nafasi hiyo, kwa kuwa mkusanyaji hulifungua kwenye godauni lake na kila mtu huitwa kuchukua chake. Mwombeni awatumie picha za siku ya kufungua, na kumbukeni kwamba madai yenu yanaelekezwa kwake yeye aliyewapa hati, hata kama kosa ni la meli.

Kwa Wakenya, deni la fidia lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili na shauri linatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Barua yenye kutaja mahakama hiyo mara nyingi hurudisha simu zilizokuwa hazipokelewi.

DukaLaIgoma ameandika:

Nawashukuru sana ndugu zangu. Nimezungumza na muuzaji wangu leo asubuhi, na jibu lake ni kwamba kwa kuwa nauli ninalipa mimi, mzigo ukishaingia kwenye ghala la malori ni wangu na yeye hahusiki tena na chochote. Je, hilo ni kweli kisheria?

WakiliMlalahoi amejibu:

Ni kweli nusu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba muuzaji anapomkabidhi msafirishaji bidhaa ili zikufikie, kwa kawaida amekukabidhi wewe, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Kwa hiyo hatari ya safarini inaweza kuwa yako tangu pale ghalani. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji afanye mapatano na msafirishaji yanayolingana na aina ya bidhaa, na asipofanya hivyo, mzigo ukaharibika njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba alikabidhiwa. Mtu anayepeleka vyombo vya udongo na kuandikisha "maboksi mchanganyiko" bila kusema kwamba ni vya kuvunjika, ana swali la kujibu.

Vilevile, mnunuzi ambaye hajaona bidhaa hahesabiwi kuwa amezikubali hadi apate nafasi ya kutosha ya kuzikagua. Tatizo lako liko kwenye neno "kutosha". Kukaa na maboksi wiki tatu bila kufungua hata moja ni vigumu kuitetea, kwa sababu sheria pia inasema kwamba anayekaa na bidhaa kwa muda unaozidi ule wa kawaida bila kusema kwamba anazikataa, amezikubali. Na kama sinki lilitoka kiwandani na ufa, au halikufungwa ipasavyo, hilo ni kosa lililokuwepo kabla ya safari, wala nani alilipa nauli haliingii.

Kwa msafirishaji, yeye anashika mali ya mtu mwingine na anapaswa kuitunza kama mtu mwangalifu anavyotunza mali yake mwenyewe. Soma nyuma ya stakabadhi yake, kwani huko ndiko anakojiwekea kikomo cha fidia na siku za kulalamika. Ninashauri barua mbili ziende siku moja, moja kwa kila upande, kila moja ikiambatanishwa na picha zilezile, na usimwambie mmoja kwamba unaamini kosa ni la mwenzake.

MamaVigae amejibu:

Kaka yangu wa Igoma, waliotangulia wamesema vizuri, ila kwa duka kama langu na lako kesi haina tija kwa sinki mbili. Mimi niliketi na muuzaji wangu tukaandikiana karatasi moja: nikague ndani ya siku 2 za kazi tangu mzigo kufika, nimtumie picha ya boksi kwa nje, lebo yake, hali ya ndani kabla ya kutoa kitu, na vipande, naye anapunguza thamani hiyo kwenye ankara inayofuata, hadi kiwango tulichokubaliana kwa kila mzigo. Kinachozidi hapo tunakwenda pamoja kwa msafirishaji. Alikubali kwa sababu nimemhakikishia oda za kila mwezi, na pia kwa sababu picha zangu zilimsaidia kumbana mfungaji wake huko ghalani.

Sikubaliani na wanaosema fungua kila kitu. Wateja wetu wanaogopa boksi lililofunguliwa. Wanadhani ni mali iliyorudishwa. Vigae sivifungui vyote, ninainua boksi upande mmoja na kugonga kwa kifundo cha kidole kando kando. Kizima kinatoa mlio mkali na kilichopasuka kinatoa mlio uliofifia, na sikio linazoea haraka. Vyoo na masinki ndivyo ninavyofungua vyote, kwa juu tu, ninagonga, ninamulika, ninafunga kwa mkanda mpya wenye jina la duka na kubandika karatasi yenye tarehe na sahihi ya aliyekagua. Baada ya miezi michache wateja walianza kuyachagua hayo yenye karatasi na kuyaacha yasiyo nayo. Na mteja anafunguliwa mbele ya kaunta kabla ya kupakia kwenye bajaji, halafu risiti inaandikwa kwamba ameona. Kinachovunjikia kwake kinabaki kwake.

Yale maboksi ya mzigo uliopita ambayo bado yako stoo, usiyauze hivyo yalivyo. Yafungue yote wiki hii, tenga mabovu na vifungashio vyake, na mwandikie muuzaji kabla hujaagiza mengine, kwa kuwa ukishalipa oda mpya hana sababu ya kukusikiliza kuhusu ile ya zamani.